Jinsi ya Kusoma Nasaba ya Trota na Kupanga Upandishaji: Mwongozo Kamili

Karatasi ninazotumiwa na wasomaji zinafanana sana. Juu limeandikwa jina la dume maarufu, muda wake bora na ada yake ya kupandishia. Chini kabisa, mara nyingi kwa kalamu nyingine, kuna jina la jike. Kisha swali: nimpandishe au nisimpandishe?

Swali hilo halijibiki, kwa sababu karatasi imeanzia upande usio wake. Dume unaweza kumbadilisha kila msimu, lakini jike ndiye uliye naye. Yeye humpa mtoto nusu ya jeni zake. Humbeba takriban miezi 11 na kumnyonyesha miezi mingine mitano au sita, na mtoto hujifunza kwake jinsi ya kuwa farasi. Mpango wowote wa uzalishaji unapaswa kuanza na jike, kisha ndipo dume atafutwe wa kumfaa.

Trota ni farasi anayevuta sulki, kigari chepesi cha magurudumu mawili, kwa mwendo wa telki: mguu wa mbele wa kulia huondoka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi nyingine. Akivunja mwendo na kuingia shoti, dereva hulazimika kumrudisha, na hapo mbio nyingi hupotea. Binamu yake, peisa, husogeza miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Mwongozo huu unahusu trota.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya nasaba ya jike yenye vizazi vitano. Ikikamilika ina majina 62: wazazi 2, kisha 4, 8, 16 na 32.
- Karatasi kama hiyo ya kila dume unayemfikiria. Chukua watatu au wanne, wasizidi hapo.
- Orodha ya watoto wote wa jike, wa mama yake na wa bibi yake mzaa mama, wakiwemo ambao hawakukimbia kabisa.
- Orodha ya watoto wa kila dume waliofikia umri wa kukimbia.
- Ripoti ya daktari wa mifugo kuhusu kizazi cha jike, pamoja na picha za eksirei za viungo vyake.
- Video ya jike akienda telki, moja ikiwa imepigwa kutoka ubavuni na nyingine kutoka mbele.
- Kanuni za mashindano unayoyalenga na za chama kitakachomsajili mtoto.
- Penseli tatu za rangi, kikokotoo na daftari.

Ukikosa orodha ya watoto wa jike na wa mama yake, simama hapo uitafute kwanza. Mengine unaweza kuyapata huku ukiendelea.

## Hatua ya 1: Chagua mbio kwanza

Farasi anayefaa kila mahali hayupo. Marekani thamani kubwa iko katika mbio za maili moja za farasi wa miaka 2 na 3. Hambletonian, iliyoanza mwaka 1926 na ambayo sasa hukimbizwa Meadowlands huko New Jersey, ni ya wenye miaka 3 tu. Farasi anayechelewa kukomaa ameshaikosa kabla hajajijua. Ufaransa nako, Prix d'Amérique ya Vincennes ni ya mita 2,700 na ni ya farasi waliokomaa, kwa hiyo uvumilivu na miguu inayodumu vina uzito zaidi. Elitloppet ya Solvalla, Sweden, ni ya mita 1,609, lakini mshindi hukimbia mara mbili siku hiyo hiyo: mchujo, kisha fainali.

Baada ya kuchagua mbio, soma kanuni. Majimbo kadhaa ya Marekani na mikoa ya Kanada yana mashindano ya watoto wa madume waliosajiliwa huko. Mtoto akizaliwa na dume wa jimbo jingine, hata awe na kasi ya upepo, mlango huo umefungwa. Ufaransa nayo ilikifunga kitabu chake cha nasaba mwaka 1937, na tangu hapo damu ya nje imeruhusiwa kwa kiasi kidogo na kwa masharti. Kuna watu waliolipa ada kubwa ya dume kisha wakagundua kwamba mtoto hana haki ya kuingia katika mbio walizozilenga.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kama hii: "Nataka mtoto wa kukimbia maili moja akiwa na miaka 3, katika mashindano fulani, na dume yeyote atakayechaguliwa lazima atimize sharti fulani."

## Hatua ya 2: Jifunze lugha ya namba

Nasaba za Kimarekani huandika muda wa maili moja, na namba ya baada ya nukta ni sehemu ya tano ya sekunde. Muscle Hill alishinda Hambletonian ya 2009 kwa 1:50.1. Maana yake ni dakika 1, sekunde 50 na moja ya tano, yaani sekunde 110.2. Wanaoisoma kama sehemu ya kumi hukosea kila mstari wa ukurasa.

Ulaya huandika muda wa wastani wa kila kilomita. Ili kulinganisha, badilisha maili kuwa sekunde kisha ugawe kwa 1.609. Muda wa 1:53.0 ni sekunde 113, ukigawa unapata sekunde 70.2, yaani takriban 1:10.2 kwa kilomita. Ule wa Muscle Hill unakuwa karibu 1:08.5.

Zingatia alama ndogo. Herufi "p" kabla ya rekodi ya Kimarekani ina maana ya peisa, na namba ya mwanzo ni umri: "3, 1:53" ni rekodi ya trota wa miaka 3. "TT" ni muda uliowekwa kwa kukimbia dhidi ya saa, bila washindani. Katika rekodi za Skandinavia herufi "a" ina maana kwamba walianza nyuma ya gari lenye geti, ambako huwa kuna kasi zaidi kuliko kuanza kwa kuzunguka.

Onyo: muda wa maili moja nyuma ya geti haulinganishwi moja kwa moja na muda wa mita 2,700. Kikokotoo kitakupa jibu, lakini jibu hilo halitakuwa na maana.

## Hatua ya 3: Soma mstari wa chini

Katika karatasi ya nasaba, baba huwa juu na mama chini. Mstari wa chini kabisa ni mama, mama yake, na mama wa mama yake. Weka kidole hapo. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kurasa za katalogi za mnada hupangwa kwa mama wa kwanza, wa pili, wa tatu, na farasi waliofanya vizuri huandikwa kwa herufi nzito. Ukurasa uliojaa herufi nzito huvutia macho, lakini angalia zimekaa wapi. Mara nyingi mama wa kwanza ana mistari miwili tu, kisha mama wa tatu ana aya nzima ya mabingwa. Mabingwa hao ni ndugu wa mbali wa mtoto unayemfikiria. Kila kizazi hupunguza nusu ya mchango, kwa hiyo mama wa tatu humpa mtoto takriban thumuni moja ya jeni zake.

Kwa kila mama, jiulize maswali matatu:

1. Amezaa watoto wangapi waliofikia umri wa kukimbia?
2. Wangapi kati yao walikimbia kweli?
3. Wangapi walishinda, na walishinda katika kiwango gani?

Chukua mfano wa majike wawili. Wa kwanza amezaa watoto 9: mmoja alikuwa nyota na wawili tu wengine walifika uwanjani. Wa pili amezaa 6: watano walikimbia, wanne walishinda, hakuna nyota. Katalogi itampamba wa kwanza. Mimi ningemchukua wa pili bila kusita, kwa sababu anachokitoa anakirudia. Sita waliokosekana kwa yule wa kwanza hawakutoweka hewani. Walivunja mwendo, waliumia au hawakuwa na kasi, na hayo nayo yamo katika damu.

Kama jike wako ni mchanga na hana watoto, pima ndugu zake wa mama mmoja, hasa waliozaliwa na madume tofauti. Madume wakibadilika na matokeo yakabaki mazuri, chanzo kinaelekea kuwa mama.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Amour Angus. Kwa dume Garland Lobell alizaa Andover Hall, Angus Hall na Conway Hall, na wote watatu wakawa madume wa uzalishaji wenye heshima. Andover Hall ni baba wa Donato Hanover, mshindi wa Hambletonian ya 2007. Conway Hall ni baba wa Windsong's Legacy, aliyeshinda mataji matatu makuu ya trota mwaka 2004. Ukiona matunda ya aina hiyo, usimtazame baba peke yake.

Umefaulu ukiweza kumweleza mtu nguvu na udhaifu wa jike wako kwa kutumia hesabu za watoto, bila kutaja jina hata moja maarufu.

## Hatua ya 4: Paka rangi majina yanayojirudia

Weka karatasi ya dume juu ya karatasi ya jike, kana kwamba ni wazazi wa mtoto mmoja. Sasa tafuta jina linaloonekana pande zote mbili na ulipake rangi. Hesabu vizazi: wazazi ni kizazi cha 1, babu na bibi ni cha 2, na kuendelea. Jina lililo kizazi cha 3 kwa baba na cha 5 kwa mama huandikwa 3×5.

Tuchukue mfano halisi: Muscle Hill na jike aliyezaliwa na Cantab Hall. Kwa baba: Muscle Hill (1), Muscles Yankee (2), Valley Victory (3). Kwa mama: jike mwenyewe (1), Cantab Hall (2), Self Possessed (3), Victory Dream (4), Valley Victory (5). Mtoto atakuwa na Valley Victory 3×5.

Kupata kipimo cha udugu, yaani asilimia inayoonyesha wazazi wa mtoto wana undugu kiasi gani, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Jumlisha namba mbili, toa 1, kisha igawe 100 kwa 2 mara hizo. Kwa 3×5: 3 + 5 − 1 = 7. Chukua penseli na ugawe: 50, 25, 12.5, 6.25, 3.125, 1.56, 0.78. Mara saba, na jibu ni asilimia 0.78. Jina likijirudia zaidi ya mara moja, hesabu kila njia peke yake kisha ujumlishe. Kama mhenga huyo mwenyewe alizaliwa na wazazi walio ndugu, zidisha jibu la njia yake kwa 1 ukijumlisha kipimo chake kikiwa desimali.

Viwango vya kukumbuka:

- 4×4: asilimia 0.78
- 3×4: asilimia 1.56
- 3×3: asilimia 3.13
- 2×3: asilimia 6.25
- 2×2: asilimia 12.5

### Mtego wa ndugu wa baba na mama mmoja

Mtego huu umewanasa hata wafugaji wa miaka mingi. Tuseme unataka kumpandisha binti wa Windsong's Legacy kwa Donato Hanover. Ukisoma vizazi vitatu tu, upande wa baba unaona Andover Hall na upande wa mama Conway Hall. Majina ni tofauti, hakuna rangi ya kupaka, na unafunga karatasi kwa furaha.

Songa kizazi kimoja. Andover Hall na Conway Hall ni ndugu wa baba na mama mmoja. Garland Lobell yuko 3×4, na Amour Angus naye yuko 3×4. Kila mmoja anatoa asilimia 1.56, jumla asilimia 3.13. Ni sawa na 3×3 ya mhenga mmoja, na ukurasa wa vizazi vitatu haukuonyesha chochote.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Ukishamhesabu Garland Lobell, usiwahesabu tena wazazi wake wanaorudi kwa njia yake hiyo hiyo. Mchango wao umeshaingia. Wahesabu tu wakitokea kwa njia nyingine isiyompitia yeye.

### Kiasi gani ni kingi?

Trota wa Kimarekani karibu wote wanarudi kwa dume mmoja, Hambletonian 10, aliyezaliwa mwaka 1849 na kufa 1876. Udugu wa mbali upo hata pale ambapo karatasi ya vizazi vitano ni nyeupe. Kwa hiyo sianzi kuhesabu nikiwa kwenye sifuri. Mimi hukubali kwa urahisi chini ya asilimia 3 ndani ya vizazi vitano. Kati ya 3 na 6 nataka sababu iliyoandikwa: mhenga huyo alirithisha nini ambacho jike wangu anakihitaji? Kufikia 6.25 na zaidi huwa ninakataa, kwa sababu unachokikusanya ni pamoja na kasoro zilizojificha, na uzazi na afya ya mtoto ndivyo huumia mapema.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye rangi, orodha ya njia zote na jumla moja chini yake.

## Hatua ya 5: Hakikisha mwendo

Mwaka 2012 watafiti walichapisha ugunduzi wa badiliko katika jeni iitwayo DMRT3, linalohusika na jinsi uti wa mgongo unavyopanga miguu. Farasi mwenye badiliko hili huweza kudumu katika telki kwa kasi kubwa bila kuangukia shoti. Trota wa Kimarekani karibu wote wana nakala mbili. Trota wa Kifaransa wamechanganyika: wapo wenye mbili, wenye moja na wachache wasio nayo.

Kwa hiyo kipimo hiki kina faida kubwa zaidi pale damu ya Kifaransa inapoingia. Nywele chache zenye mizizi hutosha kupeleka maabara. Ukipandisha majike na madume wa Kimarekani tupu, usitarajie kipimo kikutofautishie bora na wa kawaida, wala trota na peisa, maana wote kwa kawaida wana nakala mbili.

Kinachofuata hakina maabara. Tazama video ya jike, ukiipunguza kasi. Je, anafikisha mguu wa nyuma mbele bila kujigonga? Anapochoka, mwendo unakuwa mfupi lakini safi, au unavunjika? Jike aliyekuwa na kasi lakini aliyevunja mwendo mara kwa mara anahitaji dume anayejulikana kwa watoto watulivu. Kumpeleka kwa dume mkali kwa sababu ana rekodi kubwa ni kuongeza petroli kwenye moto.

## Hatua ya 6: Linganisha miili

Simamisha jike kwenye sakafu tambarare. Andika kasoro zake mbili kubwa tu, si kumi. Kisha tafuta dume ambaye yeye na watoto wake ni wazuri hasa katika mambo hayo mawili.

Watu hujaribu kusahihisha kasoro kwa kasoro ya kinyume: jike amesimama wima mno miguu ya nyuma, basi wanatafuta dume aliyejikunja mno. Jeni hazichanganyiki kama rangi za ukutani. Mtoto anaweza kuchukua kasoro ya mmoja, au akachukua zote mbili katika viungo tofauti. Tafuta dume aliye sawa mahali ambapo jike amepungua.

Uliza kuhusu osteokondrosisi, ugonjwa wa gegedu unaoacha vipande vilivyolegea ndani ya viungo, hasa hoki, kiungo kikubwa cha katikati ya mguu wa nyuma. Huonekana kwa eksirei kabla mafunzo hayajaanza, na una sehemu ya kurithi. Jike akiwa nao, usimpeleke kwa dume ambaye watoto wake wengi wamefanyiwa upasuaji wa aina hiyo. Mwenye dume akikataa kuzungumzia eksirei, nenda kwa mwingine.

## Hatua ya 7: Pima madume kwa watoto wao

Rekodi ya dume uwanjani ni ahadi tu. Ourasi alishinda Prix d'Amérique mara nne, 1986, 1987, 1988 na 1990, lakini kama dume aliacha watoto wachache na hakuna aliyemfikia. Ready Cash alishinda mara mbili, 2011 na 2012, kisha akawa baba wa Bold Eagle, aliyeshinda mbio hizo 2016 na 2017, na wa Face Time Bourbon, aliyeshinda 2020 na 2021. Ukiwapima kwa mataji yao wenyewe, ungechagua vibaya.

Angalia mambo haya kwa utaratibu:

Asilimia ya waliokimbia. Chukua watoto wote wa umri husika, si waliosajiliwa kwa mafunzo tu. Waliopotea njiani ni sehemu ya jibu.

Mtoto wa katikati. Wastani wa mapato hudanganya, kwa sababu nyota mmoja huinua watoto 100. Wapange watoto kwa mapato, kisha mtazame aliye katikati ya orodha. Wako anaelekea kufanana na huyo zaidi kuliko nyota.

Ubora wa majike aliopewa. Dume mpya mwenye ada kubwa hupelekewa majike bora, na matokeo yake ya mwanzo hung'aa. Ulizia wamefanya nini watoto wake kwa majike wa kawaida. Sweden hutumia faharasa ya uzalishaji inayozingatia ndugu na wazazi wa pande zote, ambapo 100 ndio wastani. Ukiipata, itumie, ila kumbuka kwamba ya dume mchanga hubadilika sana watoto wake wanapoanza kukimbia.

Ulinganifu na Hatua ya 1. Dume ambaye watoto wake hung'aa wakiwa na miaka 5 hakusaidii kama mbio zako ni za miaka 2.

Mwisho wa hatua hii unapaswa kubaki na madume wawili: chaguo lako na wa akiba. Wa akiba si pambo; mbegu hukosekana, dume huugua, na vyama vingine huweka kikomo cha majike kwa msimu.

## Hatua ya 8: Mkataba na upandishaji

Soma lini ada inadaiwa. Mkataba mzuri kwa mwenye jike unasema malipo yanakuwa halali mtoto akizaliwa hai, akasimama na kunyonya. Hakikisha pia nani analipia usafirishaji wa mbegu, na nini hutokea mimba ikiharibika.

Vitabu vya trota wa Kimarekani vinakubali uhimilishaji, tofauti na farasi wa Thoroughbred, wale wa mbio za kupandwa mgongoni, wanaolazimika kupandana wenyewe. Ndiyo maana unaweza kutumia dume aliye mbali. Kalenda ndiyo inayotawala hapa:

- Mzunguko wa jike ni takriban siku 21, na joto hudumu siku 5 hadi 7.
- Daktari hufuatilia kifuko cha yai kwa ultrasaundi. Kikifika milimita 35 au zaidi huku jike akionyesha joto, yai liko karibu kutoka.
- Mbegu iliyopozwa husafiri ikiwa karibu nyuzi 5 za Selsiasi, na hutumiwa ndani ya saa 24 hivi za kwanza.
- Mbegu iliyogandishwa hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, lakini ikiyeyushwa huishi muda mfupi. Inapaswa kuingia ndani ya saa chache za kutoka kwa yai.

Jike asiyepata joto mwanzoni mwa mwaka huweza kusaidiwa kwa taa: saa 16 za mwanga kwa siku, kwa takriban siku 60. Wanaotaka mtoto wa mapema huanza Desemba katika nusu ya kaskazini ya dunia, kwa kuwa huko farasi wote huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari. Mtoto wa Februari na wa Juni watapangwa pamoja.

Onyo kubwa: usikose ultrasaundi ya siku ya 14 hadi 16. Mapacha kwa farasi ni hatari. Mimba nyingi za mapacha huharibika, na jike anaweza kuumia. Wakigunduliwa mapema, daktari huweza kuondoa mmoja. Rudia kati ya siku ya 25 na 30 kuona moyo ukipiga. Jike mwenye mimba pia huchanjwa dhidi ya virusi vya hepesi vya farasi katika mwezi wa 5, 7 na 9.

## Hatua ya 9: Usiku wa kuzaa

Mimba huchukua takriban siku 340, na tofauti ya wiki mbili au tatu si ajabu. Majike wengi huzaa usiku. Matone ya nta kwenye chuchu ni dalili kwamba muda uliobaki si mrefu.

Mtoto wa kawaida hutoka akiwa ndani ya ngozi nyeupe, laini, kwato moja ikitangulia nyingine kidogo. Ukiona badala yake kitu chekundu kama mahameli, kondo limeachia kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa. Usisubiri daktari. Kipasue, mtoe mtoto, huku mwingine akipiga simu.

Baada ya hapo angalia saa. Ndani ya saa 1 mtoto anapaswa kusimama: miguu imetanuka kama ya kiti kibovu, anaanguka, anajaribu tena. Ndani ya saa 2 awe ananyonya. Ndani ya saa 3 kondo liwe limetoka lote. Litandaze chini uhakikishe hakuna kipande kilichobaki. Chochote kikichelewa, mwite daktari.

Dang'a ndiyo kinga yake yote ya mwanzo, kwa sababu mtoto wa farasi huzaliwa karibu bila kingamwili. Uwezo wake wa kuifyonza hupungua kwa kasi baada ya saa chache na kwisha ndani ya siku moja hivi. Daktari apime damu baada ya hapo. Kingamwili za IgG zikizidi miligramu 800 kwa desilita, mtoto amepata kinga ya kutosha.

## Hatua ya 10: Usajili na daftari

Nywele zenye mizizi hupelekwa kuthibitisha wazazi kwa vinasaba, na mtoto huwekewa chipu. Zingatia tarehe za mwisho za chama chako, maana ukichelewa faini hupanda. Kuhusu jina, Ufaransa kila mwaka una herufi yake: waliozaliwa 2005 walianza na R, kama Ready Cash, 2011 B, kama Bold Eagle, 2015 F, kama Face Time Bourbon. Ukijua herufi unajua umri bila kuuliza.

Sasa fungua daftari, siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kumpenda mtoto kupita kiasi. Andika kwa nini ulimchagua dume huyu, kipimo cha udugu ulichopata, na kasoro mbili za jike ulizotaka kuzirekebisha. Piga picha ya miguu yake akiwa na wiki moja, miezi mitatu na mwaka mmoja, akiwa amesimama mahali pale pale. Akiwekwa kwenye sulki mara ya kwanza, andika kama aliingia telki mwenyewe au alihitaji kusaidiwa kwa viatu na hatamu.

Jike atakuwa ameshapandishwa tena kabla hujapata majibu hayo. Ndiyo maana kwa mimba ya pili mimi hutumia dume mwingine, wa akiba kutoka Hatua ya 7, na kumrudia wa kwanza pale tu mtoto wake anapokuwa ameonekana akikimbia. Kwa njia hiyo, jike akifika watoto wanne, daftari lina zaidi ya dume mmoja wa kulinganisha, na mstari wa chini wa karatasi una hesabu zake mwenyewe za kumwonyesha mnunuzi.